Unataka kujitolea na watoto wa mtaani Dodoma kupitia kanisa? Kaa mwaka mzima, au saidia kwa namna nyingine

mlezi_makulu (mleta uzi)

Habari za jioni wadau. Kila msimu wa mahafali ukipita hapa Dodoma, UDOM na St. John's wakishatoa wahitimu, inboksi yangu inajaa vijana wenye swali lilelile: "Kaka, nataka kujitolea kituo cha watoto wakati nasubiri ajira, nianzie wapi?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo naweka hapa ili kila mtu asome na wenye uzoefu waongezee.

Mimi ni mratibu wa vijana wa kujitolea kwenye kituo kimoja cha kanisa hapa mjini. Jina la kituo naliacha kwa ajili ya usalama wa watoto. Tunapokea Watanzania na wageni, na watoto tulionao ni Wakristo na Waislamu.

Naanza na msimamo wangu ili tusizungushane. Kama huna mwaka mzima wa kukaa, usiombe nafasi ya ulezi. Njoo ufundishe hesabu Jumamosi, njoo upige rangi bweni, leta unga na maharage, fua mashuka na sisi. Vyote hivyo tunavihitaji sana na tutakushukuru. Lakini yule mtu ambaye mtoto anamwamsha saa nane usiku akiwa ameota ndoto mbaya lazima awe mtu anayebaki.

Mtoto anayefika kwetu kutoka stendi ya Nzuguni au soko la Sabasaba ameshaachwa na watu wazima zaidi ya mmoja. Baba aliondoka, mama akaolewa kwingine, bibi akafariki, mjomba akamfukuza. Volontia mpya akiingia getini, kuna watoto ambao swali lao la kwanza ni "Utaondoka lini?" Nimelisikia kwa mtoto wa miaka saba ambaye hata shikamoo alikuwa hajatoa. Ukimwambia "mwezi wa tatu", anaanza kuhesabu. Ikifika Februari anakutukana, anakuficha viatu, anagoma kula meza moja na wewe. Volontia analia na kusema mtoto huyu hana shukrani. Jamani, mtoto yule anakuacha yeye kabla hujamwacha wewe, maana hiyo ndiyo njia pekee anayoijua ya kupunguza maumivu.

Halafu kuna suala la chakula ambalo vijana wengi hawaandaliwi. Utakuta mtoto anakula ugali nusu, nusu anaifunga kwenye karatasi ya daftari na kuisukuma chini ya godoro. Asubuhi sisimizi wamejaa kitandani. Volontia mgeni anapandwa na hasira: uchafu, wizi, ukaidi. Mtoto huyo amelala na njaa usiku mwingi na mwili wake haujaamini kwamba kesho kutakuwa na chakula tena. Sisi tunampa bakuli lenye mfuniko na kumwambia, hiki ni chako, weka hapa juu ya kabati, hakuna atakayegusa. Kuna wanaoacha baada ya wiki chache, na kuna wanaochukua karibu mwaka. Aliyekaa miezi miwili hatajua kama mtoto aliacha au la.

Sababu nyingine ni ya huku kwetu Kanda ya Kati. Mvua tunapata msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Uwele na mtama vikiisha ghalani kabla ya mavuno mapya, Januari mpaka Machi hali inakuwa ngumu vijijini, Bahi, Chamwino, Kongwa kote huko, na ndipo tunapopata sura mpya nyingi mjini. Baada ya mavuno, wapo wanaokubali kurudi nyumbani na kazi ya kuwaunganisha na familia inakuwa rahisi kidogo. Ukija Juni ukaondoka Agosti utadhani kazi yetu ni kupeleka watoto kwa bibi zao na kupiga picha. Ukija Januari ukaondoka Machi utadhani hakuna mtoto anayerudi nyumbani. Ukitaka kujua kinachowatoa watoto hawa vijijini, kaa mpaka msimu uzunguke.

Utaratibu wa vijana kutoa mwaka wao kwa imani si wa jana. Padre Yohane Bosco wa Turin, aliyefariki 1888, alianza na wavulana waliotoka gerezani na waliokuja mjini kutafuta vibarua, na Wasalesiani wake walifika Tanzania mwaka 1980. Wengi hapa mnawafahamu kwa chuo chao cha ufundi, ukisema Don Bosco Dodoma hakuna anayeuliza ni wapi. Wajesuiti wenye shule ya St. Peter Claver hapa kwetu wana ndugu zao Marekani waliolea Jesuit Volunteer Corps, iliyoanzia Alaska mwaka 1956, ambako kijana anaahidi mambo manne: kuishi kwa jumuiya, kuishi kwa kiasi, kusali, na kutetea haki. Wakristo wa Kimenoni kupitia MCC, shirika lao la misaada, wana mpango wa kubadilishana vijana tangu 1950. Ujerumani wana weltwärts, mpango wa serikali yao wa kutuma vijana kujitolea nje, tangu 2008, na vijana wengi wanaokuja kwa mpango huo hutumwa na makanisa.

Nimefanya kazi na vijana wa mipango ya aina hii na wa kwetu pia. Kinachowasaidia wale wa nje wasikate tamaa ni vitu vya kawaida kabisa: nyumba ya kuishi pamoja na wenzao, posho ndogo ya sabuni na vocha, na mtu mzima wa kuongea naye kila wiki ambaye si bosi wao. Volontia Mtanzania mara nyingi anaambulia fulana yenye nembo na soda siku ya kumuaga. Hapo ndipo ninapotaka tujadili.

binti_ihumwa

Asante kaka, nimesoma mpaka mwisho. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii kutoka Hombolo. Ninatamani sana hii kazi. Swali langu ni la kweli kabisa: nikianza halafu mwezi wa sita nikaitwa usaili wa ajira serikalini, nifanye nini? Siwezi kuacha ajira, nyumbani wananitegemea.

mkweli_wa_area_c

Naomba niseme bila kuficha. Vituo vingine ni miradi ya watu. Niliwahi kujitolea sehemu moja mkoa wa jirani, watoto walikuwa wanalala wawili wawili kitandani, godoro bila shuka. Wageni wakija zinatolewa nguo mpya stoo, watoto wanavaa, wanaimba nyimbo mbili tatu, picha zinapigwa, wageni wakiondoka nguo zinarudi stoo na kufuli linafungwa. Na wale wageni walikuwa wanalipa kwa wiki ili wakae pale. Nilipouliza zile fedha zinakwenda wapi niliambiwa mimi ni wa kujitolea, nisiulize. Kijana anayetafuta nafasi afungue macho.

mlezi_makulu

@binti_ihumwa mdogo wangu, swali zuri. Sema hilo siku ya kwanza kabisa, kabla hujasaini chochote. Kwetu tunakubaliana kwa maandishi: siku ya usaili unakwenda na nauli tunachangia. Ukipata ajira unakwenda, hakuna wa kukuzuia, ila tunakuomba wiki chache za kuaga. Wanaoitwa kweli katikati ya mwaka ni wachache, wengi wanamaliza.

Na kuaga kuna namna yake. Watoto wanaambiwa mapema kwamba dada anaondoka tarehe fulani na anakwenda wapi. Unamtambulisha anayekupokea, mnafanya kazi pamoja siku kadhaa wakiwaona. Unamwandikia kila mtoto wako barua fupi ya mkono, hata asiyejua kusoma, ipo siku atasomewa au ataisoma mwenyewe. Na usiahidi kupiga simu kila Jumapili. Ukiahidi, mtoto atakaa jirani na ofisi kila Jumapili mpaka giza liingie. Sema tu, "nikipata nafasi nitakuja kuwasalimia," kisha ukipata nafasi, njoo.

@mkweli_wa_area_c nakuunga mkono. Kituo kikikataa kukuonyesha leseni, au kikikuruhusu kuchukua mtoto na kutoka naye peke yako siku ya kwanza, ondoka. Kama wewe mgeni wa leo unaruhusiwa, na mwingine mwenye nia mbaya anaruhusiwa vilevile.

mama_wa_mpunguzi

Wanangu hamjambo. Mimi ni mzazi, mwanangu kanielekeza nisome huku. Nimemsomesha kwa shamba la zabibu, miaka mingine bei inashuka mpaka tunauzia walanguzi kwa hasara. Kamaliza chuo. Sasa anasema Mungu amemwita akakae na watoto wa mtaani mwaka mzima bila mshahara. Mimi simpingi Mungu. Ila na wadogo zake wawili wapo sekondari. Ada imefutwa ni kweli, lakini sare, madaftari, michango, nauli? Nyie mnaosema "kaa mwaka mzima" mmewafikiria wazazi?

fundi_grili

Mama shikamoo. Na wengine salamu.

Mimi nimelelewa kituoni hapahapa Dodoma, sasa hivi ni fundi, nachomelea mageti na madirisha ya grili. Nimesoma posti ya mleta uzi nikalazimika kufungua akaunti ili nichangie.

Nilikaa mtaani Majengo na baadaye stendi. Tulikuwa tunaokota makopo na kubeba mizigo ya abiria. Nilipopelekwa kituoni walipita mavolontia wengi mpaka wengine siwakumbuki majina. Walikuja na mipira, pipi, michezo. Nilikuwa napokea pipi na sisemi nao.

Mmoja ninayemkumbuka alikuwa kaka wa parokia, Mgogo mwenzangu, hakuwa na kitu. Alinifundisha kusoma darasa la MEMKWA, lile la waliokosa shule ya msingi, kwa sababu umri wa darasa la kwanza ulikuwa umenipita. Siku moja alinisindikiza kijijini kwetu Bahi kumtafuta bibi. Tulipanda basi, kisha tukatembea sana. Bibi alipikia wageni ugali wa uwele na mlenda, yule kaka akala, akaomba aongezewe. Hakuhubiri chochote. Alikaa kwenye kigoda na kumsikiliza bibi akieleza kwa Kigogo kwa nini niliondoka, mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Bibi hakuweza kunichukua, alikuwa mgonjwa. Lakini tangu siku ile nilijua nina kwetu. Kila likizo nilikuwa nakwenda. Bibi alipofariki nilimzika mimi.

Mama, mwanao akiwa mtu wa namna hiyo, kuna mtoto ambaye hatamsahau. Lakini na mimi nakubaliana na wewe kwamba kanisa limpe chochote. Yule kaka alikuwa anakopa nauli ya daladala. Nilikuja kujua baadaye.

abu_salma

Assalaam alaykum na habari zenu. Swali kwa mleta uzi. Umesema mnapokea Waislamu. Mtoto wa Kiislamu akiletwa kwenye kituo cha kanisa analelewa vipi? Sisi kwenye mtaa wetu tuna vijana wa TAMSYA, jumuiya ya wanafunzi na vijana wa Kiislamu, wanaofundisha watoto baada ya madrasa, masomo ya shule na usafi, na wengine wanatoa chakula Ramadhani. Tungependa kushirikiana lakini watu wanaogopa watoto kubatizwa.

mlezi_makulu

@abu_salma wa alaykumu s-salaam kaka. Hofu hiyo ina haki na naipenda iulizwe hadharani. Sisi mtoto wa Kiislamu anakwenda msikitini Ijumaa, anakwenda madrasa, Ramadhani anafuturishwa na daku anaamshwa. Habatizwi. Familia yake ipo mahali fulani na lengo letu ni arudi kwao. Atarudije kwao akiwa amebadilishwa dini na watu waliompa chakula? Mtoto mwenye njaa hana uwezo wa kukataa, kwa hiyo hata "ndiyo" yake haina uzito. Volontia anayekuja ili avune roho namrudisha. Imani yangu ndiyo inayoniamsha alfajiri kwenda pale, na inatosha ionekane kwa namna ninavyowaosha watoto vidonda. Vijana wa TAMSYA waje. Tunahitaji hasa wa kiume wa kukaa na wavulana wakubwa jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku.

@fundi_grili mdogo wangu, asante. Sina cha kuongeza pale.

dada_wa_ustawi

Naomba niingie, mimi ni afisa ustawi wa jamii, siandiki kwa niaba ya ofisi.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Makao ya watoto lazima yawe na leseni, na mtoto hatakiwi kukaa kituoni bila ustawi kujua. Volontia unapofika, uliza: mtoto huyu ana faili? Ana mpango wa kuunganishwa na familia? Nani anamfuatilia? Makao ni hatua ya mwisho na ni ya muda. Kuna vijana wanakuja na ndoto ya kufungua kituo chao wenyewe. Mngejua tunavyohangaika kupunguza watoto walioko makaoni na kuwarudisha kwenye familia au kwa walezi wa kambo, mngetumia nguvu hizo kumsaidia bibi mmoja apate mbegu na bati ili wajukuu zake watatu wasiondoke.

La pili. Sheria hiyo inamtaka kila mtu mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake. Volontia hujaondolewa kwenye wajibu huo kwa sababu wewe ni mgeni wa askofu au wa shekhe. Ukiona mtoto anapigwa au anaguswa vibaya, hata kama anayefanya hivyo ndiye aliyekupokea, njoo ofisini au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Nimewahi kushughulikia jambo ambalo mavolontia watatu waliliona kwa nyakati tofauti na kila mmoja aliona aibu kulisema kwa kuwa walihifadhiwa vizuri na kupewa chakula. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Kwa wageni kutoka nje: kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachowahusu watu wa kujitolea na wamisionari. Usiingie kwa viza ya utalii ukaanza kulea watoto. Unawaweka kwenye matatizo wenyeji wako, na sisi hatuwezi kufuatilia tusiyejua yupo.

mkweli_wa_area_c

Dada umesema kweli. Naongeza: kwa nini mgeni anayekaa wiki tatu anapokelewa kwa ngoma na Mtanzania anayekaa mwaka hata kitanda hapewi?

mlezi_makulu

Hapo ndipo nilipotaka tufike, na ni jambo linaloniumiza.

Mgeni akija, mara nyingi nyuma yake kuna taasisi iliyomwandaa, imemkatia bima, imemsomesha Kiswahili. Wengi hupitia shule ya lugha ya Walutheri Morogoro au ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll Makoko, Musoma, miezi kadhaa, ndipo waanze kazi. Wapo niliofanya nao kazi ambao walikuja bila kujua neno wakaondoka wanawatania watoto kwa Kigogo. Siwasemi vibaya hata kidogo, wengi wao wamenifundisha kazi. Tatizo lipo kwetu. Tumejenga mazoea kwamba kujitolea ni kazi ya mtu aliyetoka mbali na mwenye akiba, na kijana wetu tunamwona anapoteza muda.

Wakati huohuo kijana wa Mpunguzi au Kondoa ana kitu ambacho mgeni atakitafuta miaka. Anajua kumsalimia bibi wa mtoto. Anajua mtoto akisema "nimetumwa na mjomba" maana yake inaweza kuwa nini. Anaelewa ukimya wa mzee wa Kigogo kwenye kikao. Na mwaka ukiisha anabaki Dodoma, mtoto atamkuta sokoni, atamkuta kanisani. Kwa kazi hii ya kulea, hilo la kubaki naliweka juu ya ujuzi wote.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa maparoko, wachungaji, mashekhe na kamati za fedha zinazosoma humu. Mnachangisha kwa ajili ya jengo, marumaru, vyombo vya muziki. Wekeni fungu la vijana wawili tu kwa mwaka kila parokia au usharika: chumba, chakula, posho ya nauli na kidogo cha kutuma nyumbani, na mzee mmoja wa kanisa wa kuwasikiliza. Vyama vya vijana na wanafunzi Wakristo kama TYCS, VIWAWA, UKWATA na USCF vina vijana wenye moyo huo tayari, wanachokosa vijana hao ni nauli ya kufika getini.

Na kwa wanaopenda kwenda nje: weltwärts tangu 2013 ina mlango wa pili, kijana wa Kitanzania anaweza kutumikia Ujerumani mwaka mmoja, na mpango wa MCC nao hupeleka vijana Marekani na Kanada. Nendeni, mjifunze, ila mkirudi njooni mtufundishe walivyopanga mambo yao.

mama_wa_mpunguzi

Marahaba fundi, Mungu akubariki mwanangu, umenitoa machozi kwa habari ya bibi yako.

Mlezi, hicho "kidogo cha kutuma nyumbani" ndicho nilikuwa nakitafuta. Kwenu kipo au ni maneno ya mtandaoni?

binti_ihumwa

Na mimi nauliza, nije na nini? Na ninakuja kwa nani?

mlezi_makulu

Mama shikamoo. Kipo, lakini ni kidogo na sitaki nikupambie. Kinatosha madaftari na michango ya mtoto mmoja shuleni, hakitoshi wawili. Chumba na chakula ni juu yetu, kwa hiyo mwanao hatakuwa mzigo kwenu mwaka huo. Msimu wa kuvuna zabibu tunamruhusu aje awasaidie siku kadhaa, tunapanga zamu na mwenzake. Kama hali ya nyumbani bado inabana, aje Jumamosi tu mwaka huu afundishe, aendelee kutafuta ajira, na wadogo zake wakimaliza tutazungumza upya. Hatapungukiwa heshima yoyote kwetu. Nikupigie nikueleze vizuri, nitumie namba inboksi, usiiweke hapa.

@binti_ihumwa lete barua ya serikali ya mtaa wako, kitambulisho cha NIDA, barua ya paroko au mchungaji au imamu anayekufahamu, na majina ya watu wawili wasio ndugu zako ambao tunaweza kuwauliza habari zako. Tutawauliza kweli, usishangae wakikupigia. Utakaa nasi kwanza mwezi mmoja jikoni na kwenye kufua bila kupewa mtoto wa kulea, ili watoto wakuzoee na sisi tukuone. Simu yenye kamera inabaki ofisini saa za kazi. Picha za watoto hazipandi mtandaoni, hata za mgongoni.

Njoo Jumanne asubuhi, nitakuelekeza njia inboksi. Jumatatu hatupatikani, tunakuwa na ustawi kwenye kikao cha kesi za watoto.